Nikopeshe Pua

Tangu alipougua, mwonjaji mkuu wa mvinyo hotelini hakusikia tena harufu, na siri hiyo aliijua binti aliyekuwa mwanafunzi wake peke yake.

"Haya mwanangu, nikopeshe pua," alinong'ona, akimmiminia tone la mvinyo mweupe wa Kifaransa, uliokomaa ndani ya pipa la mwaloni.

Binti alinusa. Chini ya harufu ya siagi na mbao kulikuwa na harufu ya gunia lililolowa. Mvinyo ulikuwa umeharibika. Mezani alisubiri mwenye hoteli, na binti aliitamani mno kazi ya mwalimu wake.

"Uko safi, mama."

"Mungu akubariki. Bila wewe ningeshaumbuka."

Mama akaenda mezani kummiminia mwenye hoteli. Baraka ile ilimchoma binti moyo. Akakimbia amzuie mama, lakini mwenye hoteli alikuwa ameshapeleka glasi puani.