Ndevu za Kambare

Mvua ilipokatika, kambare alitoka ziwani akawa anatambaa kwa mapezi katikati ya ngano changa, akifuata alama ya tairi iliyojaa maji. Sulle, dereva wa trekta la shamba la serikali, aliruka chini na spana mkononi. Kitoweo kimejileta chenyewe!

Lakini bibi mmoja wa wafugaji alimtangulia. Alipiga magoti, akammiminia yule samaki maziwa kutoka kwenye kibuyu.

"Shikamoo, bibi. Huyo ni kambare tu."

"Marahaba. Kaburi la baba yangu lilikuwa hapa kabla hamjalima. Tazama hizo ndevu. Mimi umenisalimia, mbona yeye humsalimii?"

Ndevu ndefu zilicheza polepole ndani ya maziwa.

Sulle alishusha spana.

"Shikamoo, mzee."