Kaske ya Theluji

"Mi siko! Nimeenda bandarini. Na jina langu usilitaje, Huseni, nakuomba!"

Ilyasi alisema hayo akiwa tayari amepiga magoti nyuma ya rundo la matairi, ndani ya duka lake mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake. Huseni, jirani yake anayeuza vioo vya pikipiki duka la pili, alikuwa amekuja kuomba chai tu. Alibaki mlangoni na kikombe mkononi.

Kwenye kichochoro alikuwa anakuja mwanamke. Amebeba kaske, kofia ya pikipiki, nyeupe, imepasuka kutoka utosini hadi sikioni.

Ilyasi aliijua. Angeachaje kuijua? Ilitoka kwenye balo la mitumba ya Ulaya: kaske nyepesi, nzuri, zenye vitundu vya hewa, bei ya kutupa. Madereva wa pikipiki wa Buyenzi walizigombania. Kisha siku moja akapita Xavier, aliyewahi kuishi Ubelgiji, akashika moja, akacheka mpaka akakohoa.

"Papa Ilyasi, hizi si za piki! Ni za wazungu wanaoteleza kwenye theluji. Ukianguka nayo kwenye lami, ni sawa umevaa bakuli."

Je, Ilyasi aliziondoa? Thubutu! Alizipangusa vumbi, akazipanga mbele zaidi. Hii nyeupe aliiuza baada ya hapo, kwa kijana mmoja mwenye pengo, aliyeuliza mara mbili kama ni imara. "Wallahi, hii ni chuma!" Ilyasi alimwapia, na mkono kifuani.

"Salaam aleykum," ilisema sauti ya mwanamke, imekauka. "Niko natafuta mutu mwenye aliuza hii kaske."

"Waleykum salaam, mama. Mwenye duka ametoka," alijibu Huseni. "Una neno gani nimupatie?"

"Apana. Neno langu ni la kwake mwenyewe. Bwana yangu ndo alinunua hapa. Angekuja ye, lakini... Natoka hospitali, sijapita hata nyumbani. Nitamungoja."

Ilyasi alichungulia. Katika pengo la matairi aliona malapa mawili na pindo la kitenge, basi. Miguu ile haikutulia. Iliyumba kushoto, ikayumba kulia, kushoto tena, kama anavyoyumba mtu aliyefiwa. Keshakufa yule kijana! Ilyasi aliuma kiganja chake asipige kelele. Nimemuua mume wa mtu kwa kiapo changu.

Duka halikuwa na mlango wa nyuma. Bati lilichemka juu ya kichwa chake, harufu ya mpira ikamjaa puani, mguu mmoja ukafa ganzi, kisha na wa pili. Adhana ya adhuhuri ikalia. Watu walipita kwenda msikitini, na kila hatua iliyopunguza mwendo mlangoni alijua imeiona kaske. Wataulizana ilitoka wapi. Madereva watakuja kwa makundi. Polisi watakuja. Na jina lake! Yeye na mkewe Amira hawakujaliwa mtoto, na miaka yote alijiuliza ni nani atakayelibeba jina la Ilyasi akishaondoka. Sasa alikuwa na jibu: litabebwa na karatasi ya polisi.

Mwanamke alianza kulia, taratibu.

"Usilie, mama," alisema Huseni.

"Nimeapa sirudi bila kumuona huyo mutu. Nimechoka, papa. Nimechoka kabisa."

Kikombe kilisikika kikiwekwa chini. Sasa kichochoro kile kina desturi yake: mteja akitaka kitu usichokuwa nacho, unakimbia kukichukua kwa jirani, unamuuzia kama chako. Hakuna mteja anayeweza kuapa ni mali ya nani aliyoondoka nayo.

"Basi sikiliza," alisema Huseni. "Mi ndo niliuza. Hapa tunauziana, na hiyo ilipita mukono yangu. Kama kuna kosa, ni la kwangu. Twende kwenye unataka, hata polisi."

Nyuma ya matairi mdomo wa Ilyasi ulifunguka. Ilikuwa nafasi ya kusimama kiume. Sauti haikutoka. Badala yake alishusha pumzi, akajionea haya kwa kuishusha.

Malapa yaliacha kuyumba. Kitenge kikafunguliwa mgongoni, na hapo hapo kikasikika kilio chembamba, kikali, cha kiumbe asiyejua adabu za mtu.

"Ni huyu, toka asubui niko namubembeleza," alisema mwanamke, analia na kucheka kwa pamoja. "Mushike, papa, mushike! Baba yake iko kitandani na mguu wa plasta. Kamyo ya mizigo ilimurusha mpaka ndani ya mufereji, kaske ikapasuka, kichwa kikabaki kizima, alhamdulillahi! Leo ni akika ya mutoto, leo ndo tunamupa jina. Baba yake ameapa: mutoto ataitwa jina la mutu alimuuzia kaske. Watu wamejaa nyumbani, wananingoja mi na jina. Unaitwa nani, papa?"

Huseni, na mtoto mikononi, aligeuka akayatazama matairi. Alingoja. Alingoja sana, mpaka mwanamke naye akageuka kuangalia kuna nini kule. Hakuna kilichotikisika.

Rafiki yake alikuwa amemuomba siku ile asilitaje jina lake, na Huseni ni mtu wa kutimiza neno.

"Huseni," alisema.