Kompyuta ya Hesabu za Mbuzi

Ugbad alijua kuchagua ngamia kuliko mwanamume yeyote wa Garissa, ingawa wawili aliowasifia hawakufika Bura wakiwa hai.

Leo alikuwa dukani akichagua vipande vya kompyuta ya michezo, aiunde mwenyewe. Mwanawe mlipaji aliambiwa ni ya hesabu za mifugo. Angejua ukweli, kila kitu kingerudi rafuni.

“Hooyo, mama yangu, hesabu nazo zinataka spika?” mwanawe aliuliza.

“Kwani mbuzi wangu ni mabubu?”

Muuzaji akakohoa. Ugbad alisukuma kijiti cha kuchezea michezo ya kompyuta chini ya mtandio, lakini waya wake ukachomoka, ukaning'inia hadi magotini.

“Na hiyo kamba nyeusi?”

“Tasbihi yangu. Usinikatize, namtaja Mungu.”

Mwanawe aliutazama mkono wa kushoto wa mamake, ambako tasbihi ilikuwa imezungushwa tangu asubuhi.