Panda Wewe Kwanza

Upepo wa kusini ulikuwa umevuma siku tatu, na ziwa lilikuwa limechafuka katika baridi ya kipupwe. Bwana Ngelangela, mwenye mtumbwi, alisimama ufukweni ndani ya koti zito, akiwafokea wavuvi wake.

"Wanaume wazima mnaogopa baridi! Ingieni."

Tulinagwe, mke wa mmoja wao, alimshika mumewe mkono, akamtazama tajiri yule kutoka juu hadi chini.

"Kaka yangu alipozama ulileta sanda, ukasema ni mapenzi ya Mungu. Usimsingizie Mungu, bosi. Leo panda wewe kwanza."

Wavuvi wakamshikia mtumbwi kwa adabu ya dhihaka. "Karibu, bosi. Nafasi ipo."

Ngelangela alikunja suruali, akavua kiatu kimoja. Wimbi likakichukua. Hakuna aliyeinama kukiokota. Wote walikuwa wakiutazama mguu wake mtupu, ulioning'inia juu ya maji.