Saundiba ya Mlimani

Muuzaji alimwekea Agnela saundiba mbili, spika ndefu za televisheni, juu ya kaunta: ndogo ya urefu wa mkono, na kubwa yenye besi ya kutikisa vioo.

Ndogo ilitosha. Ilikuwa ya nyumba yake ya mapumziko kule Meru, inayofungwa toka Pasaka mpaka Krismasi. Ila hakukumbuka urefu wa meza ya televisheni, akampigia mlinzi wa huko.

"Shikamoo mama. Sentimita mia na ishirini," mlinzi alijibu papo hapo.

Agnela akapapasa mkobani. Ufunguo wa sebule ulikuwepo, wa baridi, na meno yake yote. Alidhani hakuna mwingine.

"Umepimaje?"

"Nakumbuka tu, mama. Lakini chukua kubwa."

"Ya nini? Mimi na mzee tunasikiliza kwaya na taarifa ya habari."

"Hiyo ndogo, mama, wa benchi la nyuma hawatamsikia mtangazaji."

Sebule ya Agnela ilikuwa na sofa moja. Haikuwa na benchi.

"Nifungie kubwa," alimwambia muuzaji. "Naipeleka mwenyewe leo, kabla mpira haujaanza."