Kituo cha Chumbani

Mkaguzi wa mawasiliano alipobisha hodi, fundi cherehani mstaafu alikuwa hewani anasoma salamu. Akaitupia mashine yake shuka haraka haraka, lakini waya wa antena ulikuwa umetokeza dirishani, kila mpita njia anauona.

"Shikamoo, mzee. Kinyozi anasema una redio, na unajisifu mji mzima unakusikia. Leseni unayo?"

Mzee akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza. Na mkewe alikuwa amesimama pale pale, anapangusa mikono.

"Hii ya kuchezea tu, mwanangu," akadanganya. "Haivuki hata geti."

Hakuwa mtu wa kusema uongo, sembuse mbele ya mkewe. Lakini tangu macho yamkatae kutunga uzi sindanoni, kipindi kile ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani. Akinyang'anywa mashine atabaki na nini? Wasikilizaji hawakuwa wengi, ila yule mama wa ng'ambo ya mto, mafua hayamwishi, hakuacha kupiga simu kumshukuru.

"Isiyovuka geti haihitaji leseni," mkaguzi akasema. "Ikivuka, naichukua, na kesi juu. Haya, washa uongee." Akatoka na kipimo chake cha mawimbi.

Mzee akanong'ona kwenye kipaza sauti, kana kwamba mawimbi nayo yangenyata. Mkewe akachukua beseni, akaenda uani kuanua nguo. Hata kunitazama ameshindwa, mzee akawaza.

Mkaguzi akarudi, uso umelegea. "Samahani kwa usumbufu, mzee wangu. Umesema kweli tupu. Pale getini ni kimya kabisa, hata mkwaruzo hakuna. Endelea tu kujifurahisha."

Akaaga, akaenda zake. Mzee akabaki ameduwaa na kipaza sauti mkononi. Simu ikaita.

"Baba mtangazaji! Leo huku ng'ambo tumekupata safi kweli kweli," ikasema ile sauti ya mafua.

Mzee akasogea dirishani apate hewa. Uani, kati ya mashuka, mkewe alikuwa ameipa nyumba mgongo, simu sikioni, ameibana pua kwa vidole.

Mzee akarudi nyuma upesi, mkewe asije akageuka akamwona.

"Asante, mama," akajibu. "Wasalimie wote huko."