Kura ya Bubu

Watu wanane walikuwa wanasubiri uamuzi wa bubu, na bubu, ambaye ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, alikuwa anasubiri ardhi ipasuke immeze.

Miaka saba nyuma kinyozi huyu aliingia mtaani na begi moja, mkasi mmoja, na lafudhi ambayo ingemuuza kwenye salamu ya kwanza. Lugha ya kwao ilikuwa ya vijiji vitatu tu huko milimani, na tangu aondoke hakuwahi kuisikia kwa mtu mwingine. Wiki ile wenyeji na wahamiaji walikuwa wametupiana mawe kwa ajili ya kibao cha choo cha soko: kiandikwe kwa lugha ya nani? Choo chenyewe hakikuwa na mlango. Kinyozi akapima mambo, akaona heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwenye nyumba alipomuuliza jina, alijigusa mdomo, akatikisa kichwa. Tangu siku hiyo akawa Bubu.

Kinyozi asiyejibu ni starehe, na wateja wakamiminika. Kwenye kiti chake wenyeji walisema wahamiaji wanaongea kama watu wanaofukuza kuku. Wahamiaji nao walisema wenyeji wanaongea huku wanapiga mswaki. Aliitikia kwa kichwa pande zote mbili, akawapaka poda shingoni, akawaaga kwa mkono. Kilichomtesa ni kucheka bila sauti. Hilo ni gumu kuliko kufunga siku tatu.

Basi ilipoundwa kamati ya kutuliza mtaa, wanne kwa wanne, pande zote zilikubaliana jambo moja tu: mkutano ufanyike kwa Bubu, na kura zikifungana, Bubu aamue. "Huyu hana upande," walisema. "Hana hata lugha."

Wenyeji walikaa kwenye benchi chini ya kioo kikubwa cha ukutani, mlango ukiwa kulia kwao na karo la kuoshea vichwa kushoto. Wahamiaji wakakaa kwenye benchi la pili, wakitazamana nao. Msemaji wa wenyeji alikuwa karani mmoja mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Sanifu. Yeye na wenzake watatu waliongea polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Babu wa babu yangu amezikwa mtaa huu," alianza Mzee Sanifu. "Hoja yetu ni fupi. Kila mpangaji asome barua moja kwa sauti mbele yetu. Ulimi ukiteleza, afungashe virago kabla ya Jumapili."

"Mzee wangu," alisema Mama Cherehani, mshonaji, msemaji wa wahamiaji, "hiyo suruali nimekushonea mimi. Nilipokuwa nakupima kiuno hukuniuliza lafudhi."

"Suruali haisemi."

"Ingesema ingekushtaki."

Hata mwenyeji mmoja alikohoa kuficha kicheko. Lakini walipopiga kura, zikawa nne kwa nne. Macho yote yakamgeukia kinyozi, aliyesimama pembeni na taulo begani.

"Wewe Bubu usiogope!" Mzee Sanifu alimpigia kelele, maana wapo watu wanaodhani ububu ni ugonjwa wa masikio. "Wewe husomi chochote! Nyanyua mkono tu, tumalize!"

Akinyanyua mkono, amepona. Atabaki bubu wa mtaa mpaka azeeke. Ila Mama Cherehani ataondoka, yeye ambaye kila asubuhi humletea kikombe cha chai na kumsimulia habari za wanawe bila kutarajia jibu. Kinyozi alimpenda mama huyo kama dada yake. Mkono wake akauficha mfukoni.

"Ahaa!" Mzee Sanifu aliruka juu. "Bubu anaogopa nini kusoma? Kesho analetwa daktari aukague huo ulimi! Ukionekana mzima, huyu ndiye wa kwanza kufungasha!" Akautandika ukuta kwa fimbo yake, akakaa kwa kishindo.

Nyuma yake msumari mmoja wa kioo ukachomoka.

Wote walikuwa wanamtazama kinyozi, kwa hiyo kinyozi peke yake ndiye aliyeona. Kioo, kirefu kuliko mtu, kiliinama taratibu kuelekea upande wa mlango. Alijua kwamba mtu akishtuka hukimbilia mlangoni, na mlangoni hasa ndipo kioo kingeangukia. Alijua pia kwamba akitulia tu, kesho hakuna daktari. Shetani alimnong'oneza, tena kwa lafudhi safi: nyamaza, kazi yako si ndiyo hiyo?

Mdomo ulifunguka wenyewe. Hofu haina muda wa kuchagua lugha. Ikatoka ile ya mama yake, ya vijiji vitatu, kwa sauti iliyolimbikizwa miaka saba:

"Msikimbilie mlangoni! Jitupeni kushoto, chini ya karo!"

Wahamiaji wote wanne walibaki midomo wazi. Hawakuelewa hata neno moja.

Wenyeji wote wanne walijitupa kushoto, chini ya karo.

Kioo kikapasukia kati ya benchi tupu na mlango. Vumbi lilipotua, Mzee Sanifu alichomoza kichwa katikati ya magoti ya wenzake, akamkodolea kinyozi macho, kisha akamuuliza kwa lugha ileile ya vijiji vitatu:

"We mtoto, wewe ni wa nani kule kwetu?"